Soga za sekunde 20: Somo la wasanifu majengo kwa wazazi na watoto

Kazi ikiisha jioni, mzazi mwenye watoto wadogo huwa na njia moja tu, ya nyumbani. Kuna mtoto wa kuogesha, daftari la kukagua na sare ya kesho ya kupiga pasi. Mialiko ya kukutana na wenzake wa fani inampita mmoja baada ya mwingine. Miaka mitatu minne baadaye, anajikuta ana wafanyakazi wenzake na ndugu, lakini hana mtu wa kuzungumza naye kuhusu kazi anayoipenda.

Wapo waliolitafutia dawa tatizo hilo la kukosa pa kukutana. Mwaka 2003, Astrid Klein na Mark Dytham, wasanifu majengo wenye ofisi yao jijini Tokyo, Japani, walianzisha jioni ya kuonyeshana kazi katika ukumbi wa SuperDeluxe, eneo la Roppongi. Lengo lilikuwa wabunifu vijana wapate mahali pa kufahamiana bila urasmi. Jioni hiyo wakaiita PechaKucha, neno la Kijapani lenye maana ya soga.

Mtindo wenyewe ni rahisi. Kila mzungumzaji huleta picha 20, na kila picha hukaa ukutani kwa sekunde 20, kisha hubadilika yenyewe, awe amemaliza maelezo au hajamaliza. Jumla ni dakika 6 na sekunde 40, kisha anampisha mwingine. Katikati ya usiku huwa kuna mapumziko ya kunywa na kuzungumza, na hapo ndipo watu hasa hufahamiana.

Waanzilishi hawakuficha sababu ya kubana muda hivyo: msanifu majengo akishika kipaza sauti, kukiachia ni kazi. Kwa kikomo hicho, mwanafunzi wa chuo na mwenye ofisi kubwa hupata muda uleule. Watu 10 wakizungumza mfululizo, wote humaliza kwa saa 1 na dakika 7 hivi.

Jioni hizo zimesambaa hadi miji zaidi ya 1,000 duniani, nyingi zikiandaliwa na watu wanaojitolea. Wanaopanda jukwaani si wasanifu peke yao tena, bali pia wapishi, walimu, wapiga picha na hata watoto. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la Januari 2010, na lile la Japani la Machi 2011, miji mingi iliandaa jioni za pamoja za kuchangia waathirika. Watu waliokuwa wamezoea kukutana kwa soga walikuwa tayari wana njia ya kukusanyana jambo lilipotokea.

Kujuana juu juu nako kuna faida

Wapo wanaoona mikutano ya aina hii ni kupoteza muda, kwani watu hufahamiana juu juu tu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti uliokuja kuwa maarufu. Alieleza kwamba habari za nafasi za kazi mara nyingi huja kupitia watu tunaowafahamu kidogo, kuliko marafiki wa karibu. Sababu ni kwamba rafiki wa karibu hukaa tunapokaa na husikia tunayoyasikia. Yule tunayeonana naye mara moja moja hutoka kwenye duara jingine, na huja na habari mpya.

Faida haiishii kwenye ajira. Novemba 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza upweke kuwa jambo la kiafya linalohitaji kushughulikiwa haraka, likaunda tume maalumu. Ripoti ya tume hiyo ya mwaka 2025 ilieleza kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na ikauhusisha na maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari na sonona. Kuwa na watoto nyumbani hakumkingi mtu. Mama au baba anaweza kushinda amezungukwa na watu wanaomhitaji, na bado akakosa wa kuongea naye.

Kikwazo kwa wazazi ni saa. Jioni nyingi za PechaKucha huanza saa 2:20 usiku, inayoandikwa 20:20 katika mfumo wa saa 24, ili ilingane na jina la mtindo wenyewe. Ni muda ambao mtoto wa chekechea anatakiwa awe kitandani. Mwenye mtoto mdogo, na hasa mama, ndiye hukosa jioni hizo, na pamoja nazo hukosa habari za kazi zinazopita humo.

Njia ya kwanza ni wenza kugawana jioni: mwezi huu baba anabaki na watoto, mwezi ujao mama. Iandikwe kwenye kalenda kama inavyoandikwa kliniki ya mtoto, maana jambo lisilo na tarehe huahirishwa kila mara. Njia ya pili, kwa wanaoandaa mikutano ya fani yoyote, ni kuiweka Jumamosi mchana na kuruhusu watoto waje. Kwa mzazi anayelea peke yake, hiyo ya pili ndiyo inayowezekana.

Jaribuni sebuleni

Mtindo huu unafaa pia kwa mtoto anayeogopa kusimama mbele ya darasa. Mtu akiogopa kuzungumza, mwili hutoa homoni ya adrenalini, moyo hwenda mbio, mdomo hukauka na viganja hutoa jasho. Hali hiyo hupungua kadiri anavyojaribu mara kwa mara mahali asipochekwa.

Mtoto achague picha 5 kwenye simu ya mzazi: mchoro wake, paka wa jirani, safari ya kwa bibi. Kila picha aieleze kwa sekunde 20, jumla dakika 1 na sekunde 40. Mmoja ashike saa, wengine wasikilize bila kumkatiza wala kumsahihisha. Maswali yaje mwishoni. Kisha baba au mama naye apande jukwaani, aeleze kazi anayofanya kwa picha zake mwenyewe. Watoto wengi hawajui mzazi wao hufanya nini hasa akiondoka asubuhi.

Mtoto asirekodiwe na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp bila ridhaa yake. Akikataa kuzungumza, asilazimishwe. Aanze kwa kushika saa.

Hofu ya kawaida hupungua kwa mazoezi. Lakini mtoto akiendelea kwa miezi kadhaa kukwepa shule, kulalamika tumbo kila asubuhi ya siku ya masomo, au kushindwa kabisa kuzungumza mbele ya wasio wa nyumbani, mzazi azungumze na mwalimu wake, kisha ampeleke kwa daktari au mshauri wa saikolojia.