Unene wa Mtutu na Shabaha ya Bunduki

Msafiri atokaye Likoni kwa barabara ya Lunga Lunga, kabla hajafika Msambweni, hupita Gazi, mji mdogo wa pwani uliokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Mwaka 1895 Mbaruk alipigana na Waingereza, na mwezi wa Agosti ngome yake ya Mwele, iliyokuwa upande wa bara, ilitekwa na majeshi ya Admirali Rawson. Mwaka uliofuata alivuka mpaka, akajisalimisha kwa Wajerumani. Katika zama zile bunduki za namna mbili zilionekana pamoja katika pwani hii: gobori la kushindilia, na bunduki mpya yenye mifuo ndani ya mtutu.

Mtutu wa gobori ulikuwa laini ndani, na risasi yake ya mviringo ilipita kwa nafasi, ikigonga huku na huku hata ikatoka. Upande wa nyuma mtutu ule ulikuwa mnene, kwa kuwa nguvu ya baruti ni kubwa zaidi hapo. Lakini unene huo ulikuwa kwa ajili ya usalama wa mpigaji, si kwa shabaha. Hata kama mhunzi angaliufanya mnene kama mchi, risasi iliyolegea ingalikwenda upande vile vile. Mifuo ndiyo iliyobadili mambo. Risasi huishika, ikatoka inazunguka, nayo husimama sawa hewani kama pia ya watoto isimamavyo kwa kuzunguka. Tangu hapo unene wa mtutu ukawa na maana kwa mtu apigaye shabaha.

CHUMA NACHO HUTIKISIKA

Watu wengi hudhani kwamba chuma hakipindiki. Kumbe baruti iwakapo, mtutu mzima hutikisika kama kuti lililopigwa na upepo, ingawa kwa kadiri ndogo isiyoonekana kwa macho, na risasi hutoka wakati mdomo wa mtutu ungali katika mwendo. Unene hupunguza mtikisiko huo. Ufito wa chuma ukizidishwa unene wake mara mbili, ugumu wake wa kutopindika huzidi mara 16.

Jambo la pili ni joto. Mtutu mwembamba hupata moto upesi. Ikiwa mbao za bunduki zinaubana upande mmoja, au chuma chake hakikutulia vema kiwandani, hujipinda kidogo kila joto lizidipo, na risasi za mwisho huanguka mbali na zile za kwanza. Mtutu mnene ni kama kikaango kizito cha chuma: hukawia kupata moto, ingawa ukiisha kupata hukawia pia kupoa.

MFANO WA BUNDUKI ZA ENFIELD

Askari wa KAR, jeshi lililoundwa mwaka 1902, walizijua sana bunduki za Enfield zenye tundu la inchi .303. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walileta ile iitwayo Nambari 4, ambayo mtutu wake ulikuwa mnene kuliko wa ile ya zamani. Kisha mwaka 1944 wakaanza kutengeneza Nambari 5 kwa vita vya msituni. Mtutu ulifupishwa, chuma kikapunguzwa hapa na pale, na uzito ukashuka kutoka ratili 9 hivi hadi ratili 7 hivi. Askari alifurahi njiani, lakini malalamiko hayakukawia: bunduki ilipiga bega kwa nguvu, na shabaha iliyorekebishwa leo haikupatikana kesho. Mwaka 1947 utengenezaji wake ulikoma.

Baadaye, mwaka 1970, jeshi la Uingereza lilichukua bunduki za Nambari 4, likazitia mitutu mipya minene ya milimita 7.62, na kukata mbao za mbele. Hizo zikawa bunduki za walenga shabaha wa mbali, zikajulikana kwa jina la L42.

RISASI YA KWANZA

Je, haya yamhusu nini mkulima wa Kwale? Katika vijiji vilivyo karibu na Milima ya Shimba, ndovu huingia mashambani wakala mahindi na kuangusha minazi. Kwa kuwa Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, mnyama akilazimika kuuawa, kazi hiyo ni ya askari wa Shirika la Wanyamapori, KWS.

Kazi ya askari huyo si kama ya washindani wa Bisley huko Uingereza, wapigao risasi nyingi kwa utulivu. Yeye hutembea vichakani kwa saa nyingi, kisha hupiga risasi moja au mbili kwa karibu, na mtutu ungali baridi. Mtutu mwembamba uliotengenezwa vema ukiwa baridi waweza kupiga sawa kama mnene. Bunduki itawanyayo risasi zake ndani ya inchi 4 kwa yadi 100, kwa yadi 25 huzitawanya ndani ya inchi 1 tu. Lakini mkono uliochoka kwa kubeba chuma kizito waweza kukosa kwa shubiri nzima.

Na kukosa si jambo dogo. Ubongo wa ndovu ni mdogo ndani ya kichwa kile kikubwa. Akijeruhiwa tu, hukimbilia kichakani na hasira yake, na atakayekutana naye huenda akawa mama aendaye kuteka maji, au mtoto aendaye shule.

Kwa hiyo yafaa bunduki ijaribiwe kwa risasi zile zile zitakazotumiwa kazini: apige moja, aache mtutu upoe kabisa, ndipo apige nyingine katika karatasi ile ile. Ikianguka, ijaribiwe upya. Tena katika pwani kama ya Msambweni, hewa ya chumvi huleta kutu upesi, na mdomo wa mtutu ulioliwa na kutu hupotosha risasi hata mtutu uwe mnene namna gani. Kitambaa chenye mafuta kila jioni ni kinga isiyo na gharama kubwa.

Mtutu mnene humfaa apigaye sana, mwembamba humfaa atembeaye sana. Na mwanakijiji aonaye damu ya mnyama njiani asiifuate. Awazuie watoto nyumbani, na apeleke habari upesi kwa chifu au kwa askari wa KWS.