Fahamu: Kwa nini barabara ya Kyebando ilichelewa

Barabara ya Northern Bypass jijini Kampala, Uganda, kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, inapita Kyebando, kati ya Kalerwe na Kisaasi. Ilifunguliwa 2009 ikiwa na njia moja kila upande kwa sehemu kubwa, na haikukawia kuelemewa na foleni. Upanuzi ulianza 2014, uishe 2017. Mwaka 2020 mafundi walikuwa bado barabarani.

Kikwazo kikubwa kilikuwa ardhi. Mkandarasi hukabidhiwa eneo vipande vipande: huyu amelipwa fidia, jirani yake bado anabishania thamani ya nyumba. Basi lami inakatika ghafla, mtaro unabaki wazi, na mvua ikinyesha tope jekundu linaingia hadi mlangoni mwa duka. Jua likiwaka, muuza chapati anafunika unga wake kwa nailoni kila lori linapopita. Na mitambo ikilala bila kazi, mkandarasi ana haki ya kudai gharama. Anayelipa ni mwananchi yuleyule anayekula vumbi. Kwangu mimi, kusaini mkataba kabla ya kumaliza fidia ni kumkosea mwananchi huyo.

Matengenezo nayo yana wenyewe wawili. Barabara kuu zilikuwa chini ya UNRA, mamlaka ya taifa ya barabara, iliyovunjwa na kazi zake kurudishwa Wizara ya Ujenzi. Za mitaa ni za KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala. Aprili 2023, wakazi wa Kampala walijaza mitandao kwa picha za mashimo, wakiitikia wito wa mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo. Rais Museveni akaagiza KCCA ipewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba.