Kuboresha Ngalawa kwa Mikono ya Mvuvi Mwenyewe: Mambo ya Kuzingatia

Ngalawa ni chombo cha kale katika pwani ya Afrika Mashariki, na hadi leo wavuvi wadogo wengi huitegemea kwa riziki yao. Mtumbwi wake huchongwa katika gogo moja, mara nyingi la mwembe, na kila ubavu huwa na ndubi iliyoshikwa na mirengu inayopita juu ya mtumbwi. Kwa kuwa viungo vyake vingi hufungwa kwa kamba, mvuvi huweza kuirekebisha mwenyewe ufukweni kwa gharama ndogo. Hata hivyo, kila kinachoongezwa hubadili uzito na mizani ya chombo. Kosa lililofanyika nchi kavu huenda lisionekane hadi bahari itakapochafuka, wakati ambapo maisha ya watu yamo hatarini.

Ndubi na mirengu
Ndubi ikiwekwa mbali na mtumbwi, chombo huwa imara zaidi. Lakini mrengu mrefu hubeba mkazo mkubwa zaidi mahali ulipofungwa. Kwa hiyo, anayerefusha mirengu hana budi kuchagua mti mnene kuliko wa awali, usio na ufa, na kuhakikisha kwamba pande zote mbili zinalingana. Viungo vifungwe kwa kamba badala ya misumari. Kamba hunyumbulika wimbi linapopita, na ikichakaa huonekana kwa macho. Msumari hupasua mti, hushika kutu ndani kwa ndani, na hukatika bila kutoa ishara.

Mahali pa zana za kuvulia
Kipande kifupi cha bomba la plastiki huweza kushikilia ufito wa kuvulia, na ubao mdogo huweza kuhifadhi mishipi iliyozungushwa vizuri. Vifaa hivyo vifungwe kwenye mirengu, wala mtumbwi usitobolewe kwa ajili yake. Tundu linaloonekana kuwa juu ya maji asubuhi huweza kuwa chini ya maji jioni, chombo kinaporudi na mzigo. Ndoana za akiba zihifadhiwe katika kopo lenye kifuniko, kwani ndoana na mishipi iliyotapakaa humnasa mtu anapoanguka majini.

Sanduku la barafu
Katika joto la pwani, makadirio yanayofaa ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo moja ya samaki. Maana yake ni kwamba mvuvi anayetarajia kilo 30 za samaki atabeba kilo 60 kwa jumla, sawa na uzito wa mtu mzima. Sanduku hilo lihesabiwe kama baharia mmoja, na idadi ya watu ipunguzwe chombo kinapokuwa kidogo. Liwekwe katikati, chini kabisa, na lifungwe lisiteleze. Mzigo unaohama ghafla upande mmoja huweza kupindua chombo.

Madumu ya kusaidia kuelea
Mtumbwi wa mti ukijaa maji hauzami moja kwa moja, lakini hukaa chini sana hata maji hayawezi kukumbwa. Dumu tupu la lita 20, lililofungwa kifuniko barabara, huinua takriban kilo 19 baada ya kutoa uzito wake lenyewe. Madumu manne hutoa msaada wa zaidi ya kilo 70. Yafungwe kwa uthabiti ndani ya mtumbwi, mawili omo na mawili tezi, kwani yakikaa upande mmoja hukiinamisha chombo. Jaribio lifanyike katika maji tulivu ya kimo cha kiuno: chombo kijazwe maji, kisha itazamwe kama kingo zinabaki juu kiasi cha mtu kuweza kukumba kwa ndoo.

Nanga na taa
Kamba ya nanga iwe na urefu wa mara tano hadi saba ya kina cha maji. Kamba fupi huinua nanga badala ya kuilaza, nayo haishiki. Usiku, tochi au taa nyeupe iwe tayari mkononi ili kuonyeshwa mapema vyombo vingine vinapokaribia. Jaketi la kuokolea maisha liwepo kwa kila aliyemo chomboni, kwani hakuna rekebisho lolote linaloweza kushika nafasi yake.

Wajibu wa mwenye chombo
Uvuvi Tanzania Bara unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na chombo cha uvuvi hutakiwa kusajiliwa na kuwa na leseni. Anayepaka rangi upya ahakikishe kwamba namba za usajili zinasomeka. Anayekusudia kubadili ukubwa wa chombo, au kufunga mashine mahali palipokuwa na tanga, aonane kwanza na Ofisa Uvuvi wa eneo lake au viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha ufukwe wake. Ushauri ukitolewa kabla ya mti kukatwa, mvuvi huokoa mbao, fedha na muda wake, na familia yake huwa na matumaini zaidi ya kumwona akirejea salama.