Trekta likigoma kuwaka, pima umeme kabla ya kununua betri

KATIKA kata ya Getanuwas wilayani Hanang, mkoa wa Manyara, mvua za kwanza zikishanyesha mkulima huanza kuhesabu siku. Trekta alilokodi likigoma kuwaka asubuhi, anayepata hasara si mwenye trekta peke yake. Wapo pia waliopanga foleni nyuma yake, ambao unyevu wa mashamba yao hausubiri fundi afike kutoka mjini.

Hali ni hiyo hiyo kwa kijiko kinachochimba lambo la mifugo au greda linalochonga barabara ya kupitisha mazao. Wakazi wa Hanang wanaijua vizuri thamani ya mashine hizo. Maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, yalilazimu zana nzito zipelekwe haraka kuondoa tope na magogo.

Mashine inapokataa kuwaka, lawama ya kwanza huiangukia betri. Mwenye mashine hukopa, hununua mpya, na baada ya siku chache hiyo mpya nayo hulala. Chanzo mara nyingi huwa ni waya wa ethi uliolegea, mkanda wa alternata unaoteleza au kutu kwenye vichwa vya betri. Kasoro za namna hiyo hutengenezwa kwa spana na msasa.

Kinachotenganisha betri mbovu na waya mbovu ni testa, kile kifaa kidogo cha kupimia umeme kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya betri ya trekta.

Jua kwanza mfumo wa mashine yako

Matrekta mengi ya shambani hutumia volti 12. Makatapila, magreda na vijiko vikubwa hutumia volti 24, zinazopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 kwa mfuatano. Hata hivyo, usikisie, kwani baadhi ya vijiko vya magurudumu hutumia volti 12. Angalia kibao cha mashine au jinsi betri zilivyounganishwa.

Testa iwekwe kwenye alama ya V yenye mstari ulionyooka, si ile yenye wimbi ambayo ni ya umeme wa nyumbani. Kwa mashine ya volti 24, chagua kipimo cha 200 badala ya 20. Waya mwekundu wa testa usichomekwe kwenye tundu la ampea, kwa sababu ukigusa betri hivyo utapiga shoti.

Vipimo vinne

Kipimo cha kwanza ni cha betri iliyopumzika usiku kucha. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, na chini ya 12 inahitaji kuchajiwa kabla ya kuhukumiwa kuwa imekufa. Kwa mashine ya volti 24, pima kila betri peke yake. Moja ikisoma 12.6 na nyingine 11.5, jumla itaonekana ni 24.1 na kumdanganya anayepima.

Tofauti hiyo mara nyingi huletwa na mazoea ya kuchukua umeme wa redio au wa kuchaji simu kwenye betri moja kati ya mbili. Betri hiyo hunyonywa kila siku, mwisho hufa na kuidhoofisha mwenzake.

Kipimo cha pili hufanyika wakati stata inazungushwa. Gia iwe huru na breki ya mkono ifungwe. Volti zikishuka chini ya 9.6, au chini ya 19 kwa mashine ya volti 24, ama betri imechoka ama stata inavuta umeme kupita kiasi. Zikibaki juu bila kushuka na stata haizunguki, umeme hauifikii stata ipasavyo. Hapo kagua vichwa vya betri, swichi na nyaya.

Kipimo cha tatu ndicho kinachosahauliwa na wengi. Gusisha waya mweusi wa testa kwenye nguzo hasi ya betri na ule mwekundu kwenye chuma safi cha injini, kisha stata izungushwe. Namba inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, njia ya ethi ni mbovu. Fungua waya huo, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza na upake grisi kuzuia kutu.

Kipimo cha nne ni cha kuchaji, injini ikiwa imewaka kwa mwendo wa kati. Betri isome kati ya 13.8 na 14.5, au takriban 27.6 hadi 29 kwa volti 24. Namba ikibaki kama ya betri iliyopumzika, alternata haichaji. Anza na mkanda, fyuzi na nyaya kabla ya kuing'oa. Ikizidi 15 au 30, regyuleta imeharibika, na dalili zake ni maji ya betri kwisha haraka na taa kuungua mara kwa mara.

Tahadhari

Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka, hivyo sigara na cheche zikae mbali. Unapoifungua, anza na waya hasi, na unapoirudisha umalizie nao. Usichomoe betri injini ikiwa inaunguruma kwa lengo la kujaribu alternata, maana volti hupanda ghafla na kuua dayodi au kompyuta ya mashine. Kabla ya kuchomelea chuma chochote kwenye mashine, tenganisha betri.

Mashine zenye swichi kuu ya betri zizimwe kwa swichi hiyo kila zinapolala, ili taa au waya unaovujisha umeme usimalize betri usiku.

Mwisho, andika namba za vipimo vyote vinne kwenye daftari kabla ya kumpigia fundi. Fundi aliyeko Katesh au Babati akisomewa namba hizo kwa simu, anaweza kujua aje na waya, mkanda au stata. Bila hizo atakuja mara mbili, na nauli zote mbili atalipa mwenye mashine.