Laini ya nyumbani ukiwa ugenini

Msafiri anashuka Mumbai kwa matibabu au Dubai kwa biashara. Mfukoni ana laini ya kulipia kabla, hii hii ya vocha tunayotumia karibu wote. Simu inashika mtandao wa kule, na kufikia jioni salio limekwisha ilhali hajampigia mtu yeyote. Wengi huondoka na hakika kwamba wameibiwa. Mara nyingi hakuna wizi wowote, ila hakuna aliyewaeleza jinsi romingi, yaani kutumia laini ya nyumbani kwenye mtandao wa nchi nyingine, inavyofanya kazi.

Ukiwasha simu ugenini, mnara wa kule husoma utambulisho wa laini, huona ni ya Tanzania au Kenya, kisha huiuliza kampuni yako: huyu ni wenu, tumhudumie? Kwa mteja wa ankara jibu hilo latosha, kwani deni atalipa mwisho wa mwezi. Laini ya vocha ina kazi ya ziada. Salio lako halikai kwenye simu, liko kwenye kompyuta za kampuni huko nyumbani, hivyo mtandao wa ugenini hauna budi kuulizia fedha zako kila unapozungumza. Ndiyo sababu zamani romingi ilikuwa anasa ya wenye ankara, mpaka utaratibu wa kiufundi uitwao CAMEL, ulioanza kutungwa miaka ya 1990, ulipoiwezesha mitandao kuulizana salio papo hapo. Hata leo, kampuni yako isipokuwa na makubaliano ya namna hiyo na mtandao wa kule, laini ya vocha haitapiga hata ikiwa na salio tele.

Kinachowakera watu zaidi ni kutozwa kwa kupokea. Ndugu aliyeko Tanga akikupigia, analipa bei ya ndani tu, kwa kuwa kapiga namba ya Tanzania. Simu yake hufika kwanza kwenye kampuni yako, nayo huivusha hadi India. Kipande hicho cha pili unakilipa wewe. Usipopokea, na ukawa umeweka huduma ya kurekodi ujumbe wa sauti, simu hiyo huweza kurudishwa nyumbani ikarekodiwe, na ukatozwa safari zote mbili. Huduma hiyo izime kabla hujapanda ndege.

Intaneti ndiyo hula salio kimyakimya. Simu janja huboresha programu na kupakia picha hata ikiwa mfukoni, na bando ulilonunua nyumbani kwa kawaida halifanyi kazi nje ya nchi. Kila megabaiti hukatwa kwenye salio lenyewe, tena kwa bei ya romingi. Hapa sina shaka: zima data ya romingi kwenye mipangilio kabla ya safari, kisha tumia Wi-Fi au laini ya wenyeji.

Wakazi wa miji ya mpakani kama Namanga, Sirari na Mutukula yanawakuta haya bila kusafiri. Mnara wa jirani ukiwa na nguvu zaidi, simu huuhamia yenyewe. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio na kuchagua mtandao kwa mkono.

Gharama hizi si amri ya teknolojia. Septemba 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania: mteja wa vocha akapiga kwa bei ya wenyeji, akapokea bure, akakwangua vocha ya nchi aliyofikia. Mwaka 2014 Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilianza kuondoa tozo za kupokea na kushusha bei ya kupigiana. Umoja wa Ulaya nao ulifuta nyongeza za romingi miongoni mwa wanachama wake mwezi Juni 2017. Serikali na makampuni yakitaka, bei hushuka. Mfanyabiashara mdogo anayevuka mpaka kila wiki anastahili unafuu huo, nasi tuudai.

Kwa safari ndefu nunua laini ya huko. Mara nyingi utaombwa pasipoti. Hakikisha simu yako haijafungwa kwa mtandao mmoja. Tena kila nchi ina yake: Umoja wa Falme za Kiarabu, iliko Dubai, huzuia kupiga kwa WhatsApp, ingawa ujumbe wa maandishi hupita. Kitochi chako nacho kinaweza kukosa mnara Marekani, ambako makampuni makubwa yalizima 3G mwaka 2022.

Hata hivyo, laini ya nyumbani usiiache kabatini. Kupokea ujumbe mfupi ukiwa nje kwa kawaida ni bure, na kwa njia hiyo benki hukutumia namba za uthibitisho. Pochi yako ya fedha za simu nayo imefungwa kwenye laini hiyo hiyo. Simu ya laini mbili inafaa sana hapa: ya wenyeji kwa mazungumzo na intaneti, ya nyumbani kwa meseji tu, ikiwa na salio kidogo.

Kabla ya kuondoka, piga huduma kwa wateja uulize kama romingi imewashwa na laini hufungwa baada ya muda gani isipotumika. Namba iliyokaa miezi bila matumizi huweza kuuzwa upya, na meseji za benki yako zikaanza kuingia kwa mtu usiyemjua.