Kompyuta ya mezani inachelewa kutoa video? Soma hapa kabla hujaisukuma prosesa

Leo tuongee na wale mnaohariri video za bidhaa kwenye kompyuta ya mezani. Hali mnaijua: mzigo mpya umeingia, video unataka iwe hewani saa mbili usiku watu wakiwa wameshika simu, na kompyuta ndiyo kwanza imefika asilimia 40. Hapo ndipo kijana wa jirani anakwambia, "Bosi, hiyo prosesa tunaweza kuiovakloki, ikimbie zaidi bila kununua kitu."

Inawezekana kweli. Ila bure siyo, na wengi wanaoifanya wanaishia pale mashine inapowaka, wakidhani kazi imeisha. Kuwaka ni jambo moja, kutulia ni jambo lingine kabisa.

Kwanza angalia kama mashine yako inakubali. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya Performance, soma jina la prosesa. Kwa Intel, unatafuta herufi K mwishoni mwa namba, mfano Core i5-6600K, na mazabodi yake iwe ya jamii ya Z, mfano Z170. Zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zinazotoka maofisini, ambazo ndizo wengi wetu tunanunua, zimefungwa. Fundi akikuambia ataiovakloki OptiPlex yako, mshukuru, umwachie soda. Kwa AMD Ryzen za mezani prosesa nyingi zipo wazi, ila mazabodi inatakiwa iwe kama B350, B450 au X370. A320 haikupi nafasi hiyo.

Sasa tuchukue hiyo i5-6600K. Kiwandani imepangiwa gigahezi 3.5, na ikipata nafasi inapanda yenyewe hadi 3.9. Prosesa inafanya kazi kwa mapigo: mazabodi inatoa mapigo ya msingi ya megahezi 100, prosesa inayazidisha. Mara 39 unapata gigahezi 3.9. Ukiingia BIOS ukabadilisha 39 kuwa 44, pale palipoandikwa "CPU Ratio", unapata 4.4. Basi, ni namba moja tu. Ugumu uko kwenye umeme.

Kila pigo likija, swichi ndogo sana ndani ya prosesa zinatakiwa ziwe zimeshafunga au kufunguka kabla pigo linalofuata halijafika. Ukiongeza mapigo, muda unakuwa mfupi, baadhi zinachelewa, na jibu la hesabu linatoka silo. Dawa yake ni kuongeza volti, swichi ziwahi. Lakini volti ina gharama mara mbili: umeme unaoliwa unapanda kwa volti kuzidisha volti, halafu tena kuzidisha kasi. Tuseme ulikuwa gigahezi 3.9 kwa volti 1.20, ukaenda 4.4 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka asilimia 13 hivi. Umeme, na joto lake, umeongezeka kama asilimia 43. Video iliyokuwa inatoka kwa dakika 20 itatoka kwa karibu dakika 18, hapo ni kama prosesa peke yake ndiyo inayochelewesha. Jiulize kama dakika mbili hizo zinakulipa. Kwa anayetoa video kumi kwa siku, zinaweza kulipa. Kwa anayetoa moja kwa wiki, mimi nisingehangaika.

Tena ukweli mwingine: kama kompyuta yako inachukua dakika tatu kuwaka na kufungua faili, tatizo si prosesa, ni ile hadidiski ya kizamani. SSD itakusaidia kuliko gigahezi yoyote. Kama RAM ni GB 4 na umefungua programu ya kuhariri pamoja na kurasa kumi za Chrome, vilevile. Malizana na hayo kwanza.

Umeamua kuendelea? Nakili faili zako za oda, orodha ya wateja na picha za bidhaa, weka kwenye flashi au Google Drive. Hili si la kuruka, na sababu ni hii. Watu wanaogopa prosesa kuungua, wakati prosesa za miaka hii zina ulinzi wake: hiyo 6600K ikikaribia nyuzi joto 100 inajipunguzia kasi, ikizidi sana inazima. Hatari kubwa ni kosa la kimyakimya. Prosesa inakosea hesabu moja kati ya mabilioni, mashine haizimi, wewe unaendelea kufanya kazi, na faili linahifadhiwa likiwa na kosa ndani. Wiki mbili baadaye unafungua daftari lako la oda kwenye Excel, linagoma. Au video ina mistari ya ajabu katikati na umeshaipandisha kwenye ukurasa.

Safisha vumbi. Kipoza joto kikiwa kimejaa vumbi, au ile pesti ya kijivu iliyo kati yake na prosesa imekauka, badilisha pesti kabla ya yote. Na kile kifeni kidogo cha Intel usikitegemee kwa kazi hii, utahitaji kipoza joto kikubwa zaidi, kwa hiyo ule usemi wa "bila kununua kitu" umeshakufa hapo. Pawa saplai ya bei ya kutupa nayo iangalie, maana volti zikiyumba, hakuna mpangilio wa BIOS utakaotulia.

Upandishaji wenyewe uwe wa pole. Ongeza kizidisho kwa namba moja tu, yaani megahezi 100, washa, fungua programu ya kusoma joto kama HWiNFO, halafu endesha Cinebench kwa dakika kumi. Ikipita, panda tena moja. Ikiganda au ikileta skrini ya bluu, una njia mbili: rudi nyuma, au ongeza volti kidogo sana, kama 0.02, ujaribu tena. Kwa kipoza joto cha feni mimi nisingevuka volti 1.35 kwenye prosesa hii, na joto likigusa 85 nasimama. Mpangilio wa XMP wa RAM uache umezimwa kwa sasa. Ukigusa vitu viwili pamoja, kikitokea kitu hujui nani mkosaji.

Volti usiichezee kabisa. Mwaka 2024 Intel wenyewe walithibitisha kuwa baadhi ya prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinapoteza utulivu kwa sababu ya volti kupanda kupita kiasi, wakatoa sasisho mwezi wa nane na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Hizo hata mwenyewe hakuzigusa. Madhara ya aina hiyo hayarudi nyuma ukipunguza volti baadaye.

Ukifika kasi unayoitaka, ndiyo mtihani wenyewe unaanza. Kuangalia YouTube si kipimo. Tumia OCCT au Prime95, uache saa kadhaa. Prime95 ni programu ya kutafuta namba tasa kubwa, hesabu zake zina jibu linalojulikana, kwa hiyo prosesa ikikosea hata mara moja inakwambia na kusimamisha kazi, hata kama skrini inaonekana safi. Halafu fungua Event Viewer ya Windows utafute maneno "WHEA-Logger". Ukiyakuta yameanza kujitokeza baada ya kupandisha kasi, prosesa inakosea na kujirekebisha chinichini. Hiyo haijatulia, rudi namba moja.

Na pima mchana. Vipimo vingi unavyoviona mtandaoni vimefanyika kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kidogo. Chumba cha Dar mwezi wa pili, saa nane mchana, bila AC, ni nyuzi 32 na zaidi. Hewa hiyo ndiyo inayopoza prosesa yako, kwa hiyo tofauti ya nyuzi kumi unaikuta vilevile kwenye prosesa. Iliyopita mtihani saa tano usiku inaweza kuanguka kesho yake mchana ukiwa katikati ya kazi ya mteja.

Ikishapita yote, mimi bado ningeshusha namba moja. Kama 4.4 imepita, itumie 4.3. Vumbi litarudi, pesti itakauka, na hiyo nafasi ndogo ndiyo itakayokubeba.

Ninyi mnaouza kompyuta zilizotumika, hili linawahusu pia. Rudisha BIOS kwenye mpangilio wa kiwanda kabla hujampa mteja, au mwambie wazi. Mtu akinunua mashine iliyosukumwa bila kujua, ikaanza kuganda kwenye chumba chake chenye joto, atarudi kwako na kelele, na atakuwa na haki. Na unaponunua, hakikisha: kama i5-6600K inasoma 4.4 wakati mwisho wake wa kiwandani ni 3.9, kuna mtu ameshaigusa.

Ukikwama, mashine ikagoma kabisa kuonyesha picha, usiite fundi haraka. Zima, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwenye mazabodi kwa dakika chache, rudisha. BIOS inasahau ulichobadilisha na mashine inawaka kama zamani. Betri hiyohiyo ikichoka yenyewe baada ya miaka, mipangilio itafutika bila wewe kugusa kitu, utashangaa kompyuta imekuwa nzito ghafla. Kwa hiyo ukimaliza leo, piga picha kurasa za BIOS kwa simu, uzihifadhi pale unapoweka risiti zako.