Nyololo: Siku Tawi la Chama Lilipogeuka Msiba

Anayetoka Mafinga kwenda Makambako kwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia hupita Nyololo, njia panda ya Wilaya ya Mufindi ambako barabara ya kwenda Igowole na mashamba ya chai huchepuka. Wengi waliokuwa wakipita hapo kwa basi hawakuwa na sababu ya kulikumbuka jina hilo hadi Septemba 2, 2012, CHADEMA ilipokwenda kufungua tawi lake kijijini.

Kufungua tawi si shughuli nzito. Wanachama wenye kadi hukutana, wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Hutafutwa chumba, aghalabu cha kupanga au baraza ya mwanachama mwenye moyo. Mlingoti hukatwa, shimo likachimbwa, kisha kiongozi mgeni huitwa apandishe bendera. Zikipigwa nderemo na kadi mpya zikigawiwa, kazi imekwisha.

Chama bila matawi ni ofisi tu ya mjini. TANU, iliyoanzishwa Julai 7, 1954, ililijua hilo mapema, na nguvu yake ilitoka vijijini walikokaa wakusanya ada na wagawa kadi. Baada ya uhuru ikashuka hadi kwa balozi wa nyumba kumi, na CCM, iliyozaliwa Februari 5, 1977 kwa kuunganisha TANU na Afro-Shirazi, ikaurithi mtandao huo. Enzi za chama kimoja, tawi lilikuwa kijijini, kiwandani na hata jeshini, na mwananchi aliyetafuta barua ya utambulisho alianzia kwa balozi.

Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ukarudi na matawi ya kazini na jeshini yakaondolewa. Sheria ya Vyama vya Siasa ikakitaka kila chama kinachoomba usajili wa kudumu kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua 10, Zanzibar ikiwemo. Vyama vipya vikaanza kujenga kutoka sifuri mbele ya chama chenye mizizi ya karibu miaka 40. CHADEMA, iliyoasisiwa na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, ilikaa miaka mingi ikiwa na nguvu katika maeneo machache tu.

Uchaguzi wa 2010 ulibadili hesabu. Mgombea wake wa urais, Dk. Wilbrod Slaa, alipata kura zaidi ya milioni 2. Nyanda za Juu Kusini, Mbeya Mjini ilimchagua Joseph Mbilinyi, msanii maarufu kwa jina la Sugu, na Iringa Mjini ikamchagua Mchungaji Peter Msigwa. Lakini ushindi wa mjini haukufika kijijini wenyewe. Ndipo chama kikaja na vuguvugu la M4C, yaani Movement for Change, viongozi waliovaa magwanda ya kaki wakizunguka mikoani kufungua matawi.

Msafara ulifika Iringa wakati wa Sensa ya Watu na Makazi iliyoanza Agosti 26, 2012 na kuongezewa siku. Polisi walizuia mikutano ya siasa kwa sababu hiyo. CHADEMA ikasema haifanyi mkutano wa hadhara, inafungua matawi. Hapo ndipo utata ulipokaa: bendera ikipandishwa kijijini watu hujaa, na kiongozi wa kitaifa akisimama mbele yao, mkutano wa ndani na wa hadhara hutenganishwa na jicho la mtazamaji.

Nyololo, polisi wa kutuliza ghasia walifika wakataka watu watawanyike. Mabomu ya machozi yakapigwa. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Mkoa wa Iringa, alikuwa kazini. Picha zilizochapishwa baadaye zilimwonyesha akiwa amezingirwa na askari kadhaa, huku ofisa mmoja wa polisi akijaribu kumkinga. Bomu la machozi lililofyatuliwa karibu kabisa na mwili wake likamuua papo hapo, na ofisa yule akajeruhiwa. Mwangosi alizikwa kwao Busoka, wilayani Rungwe.

Wiki iliyofuata waandishi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Jangwani, na Waziri wa Mambo ya Ndani, Dk. Emmanuel Nchimbi, alipotokea wakamkataa. Uchunguzi ulifanyika zaidi ya mmoja. Ule wa Baraza la Habari na Jukwaa la Wahariri ulieleza kuwa Mwangosi aliuawa akiwa mikononi mwa polisi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chini ya Jaji Amiri Manento, ilisema polisi walivunja haki za binadamu.

Kesi ilichukua karibu miaka minne. Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia askari mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miaka 15. Waliokuwa naye katika zile picha hawakuhukumiwa. Mwaka huohuo mikutano ya hadhara ikapigwa marufuku nchini, na haikuruhusiwa tena mpaka Januari 3, 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuondoa zuio hilo.

Sheria ile ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakitaka chama kipeleke taarifa kwa ofisa wa polisi wa eneo saa 48 kabla ya mkutano. Haikitaki kiombe kibali. Katibu wa tawi na mkuu wa polisi wa wilaya wanapaswa kukisoma kifungu hicho pamoja, kabla mlingoti haujasimamishwa na kabla magari ya askari hayajawashwa.